Karatasi Alizoacha Hemingway

Msomaji, ushikapo kitabu cha hadithi mkononi mwako, kikiwa kimekwisha kupigwa chapa na kutiwa jalada, ni rahisi kudhani kwamba kilizaliwa hivyo hivyo kilivyo. Huyaoni maneno yaliyofutwa, wala kurasa zilizokataliwa, wala barua ambazo mwandishi aliwapelekea rafiki zake akilalamika kwamba kazi haiendi. Hayo yote hubaki nyuma katika karatasi. Na karatasi, kama ujuavyo, ni kitu dhaifu: maji huilowesha, mchwa huila, moto huiteketeza, na mwizi aweza kuichukua bila hata kujua alichochukua.

Katika insha hii nataka tuzifuate karatasi za mtu mmoja, Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, tangu siku zilipoandikwa hata zilipofika mahali zilipo leo. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, karatasi zake zilipita katika karibu kila hatari niliyoitaja. Pili, baadhi yake zinahusu nchi yetu wenyewe na watu waliokaa karibu na Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hizi ni habari za ng'ambo tu, zisizotuhusu.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijeruhiwa huko Italia, mwaka 1918. Mwishoni mwa mwaka 1921 alihamia Paris pamoja na mkewe wa kwanza, Hadley, akawa akilipeleka habari kwa gazeti la Toronto Star na huku akijifundisha kuandika hadithi. Tangu ujana wake alikuwa na tabia moja iliyowafaa sana wanahistoria, nayo ni kwamba hakupenda kutupa karatasi. Barua alizopokea, nakala za alizotuma, miswada, risiti, hata tikiti za michezo ya mafahali ya Hispania, vyote aliviweka.

Lakini kuweka ni jambo moja, na kuhifadhi ni jingine. Mwezi wa Desemba 1922 Hemingway alikuwa Lausanne, nchini Uswisi, akiandika habari za mkutano wa amani uliokuwa ukifanyika huko. Hadley akafunga safari kumfuata. Akidhani kwamba mumewe angependa kuendelea na kazi yake akiwa huko, aliikusanya karibu miswada yake yote, akaitia katika sanduku moja. Na nakala za kaboni nazo akazitia humo humo. Katika stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris, sanduku hilo likaibiwa. Halijaonekana mpaka leo. Katika hadithi za miaka yake ya mwanzo zilisalimika mbili tu zilizokuwa zimekamilika: moja ilikuwa imesahauliwa katika mtoto wa meza, na nyingine ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mhariri kwa posta.

Angalia, msomaji, jinsi mambo yalivyokwenda. Hadley hakuwa mzembe. Alikuwa na bidii kupita kiasi. Kosa lilikuwa katika kuziweka nakala pamoja na asili yake, kwa maana nakala iliyofungiwa sanduku moja na asili haiwezi kuisaidia siku ya msiba. Angalia pia jambo la pili. Mwezi wa Januari 1923 Hemingway alimwandikia barua mshairi Ezra Pound kumweleza hasara hiyo. Miswada ilipotea, lakini barua iliyosimulia kupotea kwake imebaki. Ndivyo historia ilivyo mara nyingi: hatukipati kitu chenyewe, bali twapata sauti ya mtu akikililia.

Miaka ikapita, na umaarufu ukaja. Mwaka 1928 Hemingway alikwenda kukaa Key West, kisiwa kilichoko kusini kabisa mwa jimbo la Florida. Alipohama huko alihamia Cuba, na tangu mwaka 1939 akakaa katika nyumba iitwayo Finca Vigía, nje kidogo ya jiji la Havana. Karatasi nyingine aliziacha Key West, katika ghala ya baa ya rafiki yake, nazo zikakaa huko miaka mingi. Nyingine zilirundikana Cuba, katika hewa ya joto na unyevu ambayo watu wa pwani waijua vizuri, hewa iotayo ukungu juu ya viatu, sembuse karatasi.

Kisha yakaja mambo ya siasa. Mwezi wa Januari 1959 wanamapinduzi wa Fidel Castro waliitwaa serikali ya Cuba. Mwaka 1960 Hemingway aliondoka kisiwani akiwa mgonjwa, naye hakurudi tena. Mwanzoni mwa mwaka 1961 Marekani ilivunja uhusiano wake na Cuba, na mwezi wa Aprili mwaka huo watu waliosaidiwa na Marekani wakajaribu kuivamia nchi hiyo, wakashindwa. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, Hemingway alijiua kwa bunduki. Hivyo mwandishi alikuwa amekufa katika nchi moja, na karatasi zake nyingi zimebaki katika nchi nyingine iliyokuwa adui wa ile ya kwanza.

Aliyeziokoa ni mjane wake, Mary, aliyekuwa mkewe wa nne. Safari ya kwenda Cuba ilikuwa imekatazwa kwa raia wa Marekani, lakini Rais John F. Kennedy alimsaidia kupata ruhusa. Mary alikwenda Havana mwaka huo huo wa 1961, akaonana na Castro mwenyewe, wakapatana: nyumba pamoja na vitu vyake vingi iwe mali ya watu wa Cuba, na Mary achukue karatasi. Kabla ya kuondoka alizichoma moto baadhi ya karatasi. Zilikuwa na nini, hakuna awezaye kutuambia kwa hakika. Nyingine zilipakiwa katika chombo cha kuvulia kamba kilichokuwa kikienda Tampa, Florida. Fikiri jambo hilo: kazi ya miaka mingi ya mtu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1954 ikisafiri baharini pamoja na kamba.

Zilizobaki Cuba hazikupotea. Nyumba ile ilifanywa makumbusho, na mwaka 2002 Wacuba na Wamarekani walikubaliana kushirikiana kuzihifadhi barua, picha na miswada iliyokuwa humo na kuzipiga picha. Mwaka 2009 nakala zake zilikuwa zimefika Marekani. Serikali mbili zilizokuwa hazisemezani kwa mambo mengi ziliweza kusemezana juu ya karatasi za marehemu.

Basi Mary akawa na karatasi, lakini azipeleke wapi? Mwaka 1964, Rais Kennedy akiwa amekwisha kuuawa, Mary alimwambia mjane mwenziwe, Jacqueline Kennedy, kwamba angependa karatasi hizo zikae katika maktaba iliyokusudiwa kujengwa kwa kumbukumbu ya Rais. Makubaliano yakatimizwa mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1972 karatasi zikaanza kukabidhiwa. Tarehe 18 Julai 1980 chumba cha Hemingway kilifunguliwa katika Maktaba ya John F. Kennedy mjini Boston. Huko ndiko iliko sehemu kubwa kabisa ya miswada yake, pamoja na barua na picha zaidi ya 10,000, na huko ndiko waendako watafiti kutoka nchi nyingi.

Pengine wauliza: watafiti hao watafuta nini, hali vitabu vyake vyauzwa kila mahali? Nitakujibu kwa mfano. Mwaka 1929 Hemingway alitoa riwaya yake ya vita, A Farewell to Arms. Mwaka 1958, alipoulizwa na jarida moja, alisema kwamba ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho aliuandika mara 39 kabla ya kuridhika. Watu waliweza kuamini au kudhani kwamba mzee anajisifu. Lakini miswada ilipofunguliwa na kuhesabiwa, haikuonekana miisho 39, bali 47, mingine ya sentensi moja mbili, mingine ya aya kadhaa. Nayo yote ilichapishwa pamoja na riwaya hiyo mwaka 2012. Wewe ambaye hununa mwalimu akirudishapo insha yako uiandike mara ya pili, ukumbuke hesabu hiyo. Na wewe upendaye historia, ukumbuke jambo jingine: kauli ya mtu juu ya nafsi yake yapasa kupimwa kwa karatasi zake, na kipimo hicho chaweza kuonyesha kwamba alijipunja pia.

Mfano wa pili ni wa kitabu chake cha kumbukumbu za Paris, A Moveable Feast. Kilitolewa mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kifo chake, kikiwa kimepangwa na Mary na wahariri. Mwaka 2009 mjukuu wake Seán Hemingway alikitoa tena kwa mpango mwingine, akisema kwamba miswada haikulingana na chapa ya kwanza. Hivi leo kuna vitabu viwili vya jina moja. Kipi ni cha Hemingway mwenyewe? Mabishano hayo yasingewezekana kama miswada ingetupwa baada ya kitabu kuchapishwa. Tungebaki kuamini tulichopewa tu.

Sasa tufike kwenye barua, ambako mambo ni magumu zaidi. Barua za Hemingway zijulikanazo zakaribia 6,000. Lakini mwezi wa Mei 1958 aliandika hati kuwaagiza watakaosimamia mali yake kwamba barua zake zisichapishwe. Agizo lenyewe lilikuwa wazi, halina fumbo. Hata hivyo, mwaka 1981 Mary alitoa idhini, na profesa Carlos Baker akachapisha barua karibu 600. Tangu mwaka 2011 wataalamu wanazitoa zote, buku baada ya buku, na la kwanza laanza na barua za utotoni za mwaka 1907.

Je, ilikuwa halali? Wengine husema kwamba maiti ana heshima yake, na kwamba barua ni mazungumzo ya watu wawili. Mtu aliyefungua moyo kwa rafiki hakukusudia kusikiwa na ulimwengu. Katika mila zetu wosia wa marehemu hauvunjwi kwa urahisi, na avunjaye huulizwa. Wengine hujibu kwamba mtu asiyetaka barua zake zisomwe huzichoma, wala hazitunzi kwa uangalifu kama alivyofanya yeye; tena, barua zilizokwisha kupelekwa zilikuwa zimekaa mikononi mwa mamia ya watu, na baada ya kifo chake habari zake nyingi za uongo zingalienea bila kitu cha kuzisahihisha. Mimi naona kwamba hoja zote mbili zina uzito, lakini ya kwanza hupungua kadiri miaka ipitavyo na wale waliotajwa katika barua wanavyokufa. Siri ya mtu aliye hai yaweza kumwumiza; ya aliyekufa zamani huwa ni ushahidi. Hata hivyo asomaye barua ya mwingine hana budi kuisoma kwa adabu, akijua kwamba hakualikwa.

Usidhani pia kwamba kila mwandishi hupata rais wa kumsaidia. Mwaka 1960, tarehe 28 Januari, alikufa katika mji wa Fort Pierce, Florida, mwandishi mwingine wa riwaya, Zora Neale Hurston. Alikuwa mwanamke mweusi aliyezunguka kusini mwa Marekani akikusanya hadithi za watu wake, na mwaka 1937 alitoa riwaya yake mashuhuri, Their Eyes Were Watching God. Alikufa maskini, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Watu wa kusafisha nyumba yake walianza kuvichoma vitu vyake. Askari mmoja, naye mweusi, aliyekuwa rafiki yake, akapita njiani, akaona moshi, akauzima moto kwa maji. Karatasi zilizookolewa siku hiyo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, na baadhi ya kurasa zake zina kingo zilizoungua. Linganisha mambo hayo mawili, utaona kwamba kubaki kwa karatasi si dalili ya ubora wa mwandishi peke yake. Mara nyingi ni dalili ya nani alikuwa na nafasi, na nani alipita njiani kwa wakati.

Jambo hilo latuleta nyumbani. Mwezi wa Desemba 1933 Hemingway alishuka Mombasa pamoja na Pauline, mkewe wa pili, akaenda kuwinda Tanganyika akiongozwa na Philip Percival, mwindaji aliyekuwa na shamba karibu na Machakos. Safari hiyo ilizaa kitabu Green Hills of Africa mwaka 1935, na hadithi The Snows of Kilimanjaro mwaka 1936. Mwaka 1953 alirudi pamoja na Mary. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, nao wakapiga kambi Kimana, karibu na Kilimanjaro, Hemingway akapewa cheo cha heshima cha msimamizi wa wanyama.

Mwezi wa Januari 1954 ndege waliyopanda iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Wakaokoka. Siku ya pili wakapanda ndege nyingine huko Butiaba, nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka. Wakaokoka tena, Hemingway akiwa ameumia vibaya. Magazeti ya ulimwengu yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake, naye akakaa Nairobi akizisoma tanzia zake mwenyewe. Hili ni somo kwa mwanafunzi wa historia: mtu ambaye angesoma magazeti ya siku hiyo moja tu angemzika mtu aliye hai. Kuandikwa kwa jambo, hata kuchapishwa kwake, hakulifanyi kuwa kweli.

Aliporudi Cuba, Hemingway aliandika kurasa zipatazo 850 juu ya miezi ile ya Kimana, kisha akaziacha bila kuzimaliza. Mwanawe Patrick, aliyekaa Tanganyika miaka mingi na kufundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, alizipunguza karibu nusu, zikatoka mwaka 1999 kwa jina la True at First Light, pamoja na orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Marekani. Mwaka 2005 mswada huo ukatolewa kwa urefu zaidi, kwa jina la Under Kilimanjaro.

Katika kurasa hizo wamo watu wetu: wachukuzi wa bunduki, wapishi, madereva, wengi wao Wakamba. Katika kitabu cha mwaka 1935 yumo mmoja aliyeandikwa M'Cola, kwa tahajia isiyo ya Kikamba wala ya Kiswahili. Katika mswada wa baadaye wamo Keiti na Ngui. Hemingway awasifu kwa ushujaa na ustadi wao, na pengine awacheka. Lakini wao walimwonaje? Walisema nini usiku motoni, kwa lugha asiyoielewa, juu ya Mzungu huyu aliyekuja kuua simba na kuandika habari zake, katika miezi ile ambayo Wakenya wenzao walikuwa wakitiwa kizuizini? Katika masanduku ya Boston twawajua kwa kalamu yake, si kwa kalamu yao. Kila neno la tajiri wao limehesabiwa, hata miisho aliyoikataa. Maneno yao hayakuandikwa na mtu.

Hapa ndipo ninapotaka usimame, msomaji. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za watu ni mali pia. Ukienda siku moja katika nyumba ya kumbukumbu, Nairobi au Boston, usiulize tu karatasi yasema nini. Uliza nani aliiandika, nani aliitunza, nani alichoma nyingine, na nani aliyekuwapo siku hiyo lakini hakuachiwa nafasi ya kusema. Na kabla hujafika huko, mwombe babu au bibi yako akusimulie kazi aliyoifanya ujanani, uiandike kwa maneno yake mwenyewe, utie jina lake kamili kwa tahajia aitakayo yeye, na tarehe, na mahali. Kisha andika nakala ya pili, uiweke katika nyumba nyingine.